Silinda ya Baba Mkwe

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, mbele yangu msumeno wa marehemu baba mkwe ukiwa umefumuliwa wote, na mimi nimeshika silinda yake huku mdomo wazi. Leo nawaambia nilichokiona humo ndani, na nilichokifanya baada ya kukiona. Mkimaliza kusoma mnitukane taratibu, presha yangu si nzuri.

Kwa mgeni wa hadithi hii: mimi ni fundi wa misumeno ya mnyororo, ile ya injini inayoangusha miti. Mipya siigusi. Mimi nafufua mizee, ile ya chuma kizito ambayo wenyewe wameitupa stoo mpaka kuku wanatagia juu yake. Nikishaifufua, naiongezea. Tundu la moshi nalipanua, kabureta naichezea, injini naikaza pumzi. Mteja analeta kizee kinachokohoa, anaondoka na kitu kinachotaka kumponyoka mikononi. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Ongeza.

Mke wangu ni fundi cherehani. Niliiongezea cherehani yake mota kubwa bila kumwambia, nikitaka kumfurahisha. Mnakumbuka matokeo. Suruali ya mteja iliungana mguu kwa mguu, na sindano ikapita kwenye kidole cha mke wangu kabla hajanyanyua mguu kwenye pedali.

"Siondoki kwa sababu ya kidole," aliniambia mlangoni, begi begani. "Naondoka kwa sababu wewe huwezi kukiacha kitu kikawa kilivyo. Nimechoka kuishi na mtu anayenitazama kama anatafuta pa kufungulia."

Akaenda kwa mama yake, na kesho yake akatuma cherehani yake ichukuliwe. Nilipomfuata kuomba radhi, mama mkwe alinitolea msumeno wa marehemu mumewe, umelala stoo tangu azikwe, akanitajia sharti mbele ya binti yake.

"Urudishe ulivyokuwa. Usiongeze, usipunguze. Ukiweza hilo, mkeo atarudi nyumbani kwake."

Mke wangu, kidole kimefungwa bandeji, aliitikia kwa kichwa.

Kuna msomaji amenipigia simu. "Wewe Ongeza, mbona kazi rahisi hivyo? Safisha, funga, peleka, chukua mke."

Ndugu yangu, wewe hukuiona hiyo silinda.

Silinda ya msumeno ina madirisha ndani yake, yaani matundu ya kuingizia mafuta na hewa na kutolea moshi. Kiwandani wanayakata kwa mashine, yote yanafanana. Haya hayakufanana. Kuna mtu aliyatia tupa kwa mkono, kidogo kidogo, kingo zimelazwa na pembe zimeviringwa, hata kidole kikipita ndani hakikwaruzi popote. Kazi niliyoitafuta maisha yangu yote, nikaharibu silinda sijui ngapi nikiitafuta, ilikuwa imekaa stoo kwa mama mkwe wangu imefunikwa gunia.

Niliona wivu. Naandika hivyohivyo bila kuremba: nilimwonea wivu mtu aliyeko kaburini.

Miaka yote nilimdhania mkata miti tu, mtu wa kutoka jasho, kula na kulala. Siku ya harusi yetu alinishika mkono akasema, "Kumbe wewe ndiye mchokonoa vyuma," akacheka mpaka akakohoa. Nilidhani ananidharau. Sasa nikaona alikuwa ananicheka kwa haki.

Nikasafisha kila kitu. Nikabadilisha ringi za pistoni, zile pete zenye ncha mbili, nikabadilisha sili zilizokauka, nikasugua plagi, nikafungua kabureta nikaipulizia. Kote huko sikuongeza kitu. Mnaweza msiamini, lakini nililazimika kukalia mikono yangu nilipofika kwenye ekzosi. Ilikuwa inaniomba kabisa niipanue.

Halafu zamu ya silinda ikafika, na hapo nikashindwa kuifunga.

Mimi nina msumeno wangu wa aina ileile, wa kiwanda kimoja, hata rangi imefifia vilevile. Nikatoa silinda yangu nikaivalisha msumeno wa marehemu. Kwa muda tu, nilijiambia. Silinda ya marehemu ikae mezani kwangu siku mbili tatu, niipime, nichore umbo la kila dirisha, halafu niirudishe kwake. Nani angejua?

Nikaifunga vizuri, nikauwasha, ukawaka. Nikauzima. Nikaiweka silinda ya marehemu mezani juu ya kitambaa safi, nikavuta stuli, nikaitazama. Niliitazama sana.

Honi ya lori ikanishtua.

Alikuwa shemeji, kaka yake mke wangu, dereva wa lori la mbao. Shemeji haingii mahali, anavamia. Kabla sijasimama alishafika katikati ya karakana.

"Shemeji, msumeno uko tayari?"

"Karibu tayari. Nipe mpaka keshokutwa."

"Keshokutwa gani? Ule mti mkavu nyuma ya nyumba umepasuka. Umelalia upande wa jikoni kwa mama. Upepo ukija hatuna jiko, na mama hatoki humo hata ukimwekea moto." Akauona msumeno umefungwa na mnyororo wake. "Si huu hapa umekamilika?"

"Unahitaji kukazwa nati mbili tatu."

"Tutakazia kulekule. Twende, na wewe upande, mkeo amekuulizia."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Amekuulizia. Tangu aondoke hakuwa ameniulizia. Ningeweza kusema, "Shemeji, ngoja, nimefanya upuuzi, silinda siyo hii." Maneno hayo hayachukui muda kuyatamka. Badala yake nikatupia kitambaa juu ya silinda iliyokuwa mezani, nikachukua msumeno na kopo la mafuta, nikapanda lori.

Njia nzima shemeji alipiga stori na mimi nilijibu "ndiyo" hata pale alipouliza jina la jirani yangu.

Tulimkuta mke wangu uani anavuta ndoo na viti kuviondoa chini ya mti. Aliponiona alisimama. Kapungua kidogo, au labda mimi nilitaka kuamini kwamba kapungua kwa ajili yangu.

"Hujambo," nikasema.

"Sijambo. Umekonda."

"Napika mwenyewe."

"Nilijua. Unaunguza?"

"Siku hizi nazima jiko mapema, tunakula mabichi."

"Tunakula, wewe na nani?"

"Mimi na njaa yangu."

Alicheka, halafu akajirudi, akaukazia macho msumeno begani kwangu.

"Umeongeza kitu?"

"Sijaongeza kitu."

"Niangalie."

Nikamwangalia. "Mke wangu, ekzosi ileile, kabureta ileile, hata kovu la kwenye mshikio nimeliacha lilivyo. Sijaongeza kitu."

Aliniamini. Niliona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Nikajiambia kwamba kesho silinda itarudi mahali pake na uongo huu utakufa bila kumdhuru mtu.

Shemeji alivuta kamba. Mara ya kwanza ukakoroma. Mara ya pili ukawaka, sauti ikajaza ua wote. Mke wangu aliweka viganja mashavuni.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni anamenya viazi, hataki kuondoka, kama mwanawe alivyosema. Msumeno ulipowaka hakuinua kichwa. Shemeji alipougusisha mtini, unga wa mbao ukaanza kuruka, kisu cha mama mkwe kikasimama. Aliinua uso, akainamisha sikio upande mmoja. Akakaa hivyo mpaka mti ulipoanza kulia, shemeji akapiga kelele tujihadhari, na gogo lote likaanguka upande wa uani, mbali na jiko, kama tulivyolifungia kamba.

Tukashangilia. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Shemeji alinikumbatia, unga wa mbao ukamwagika shingoni kwangu. Mke wangu alinishika mkono mbele ya watu, kitu ambacho hajakifanya tangu tuoane.

"Nakwenda kufunga mzigo," aliniambia sikioni. "Leo hii."

Akaingia ndani karibu anakimbia.

Mama mkwe alikuja pale nilipo, anajifuta mikono kwa kitambaa cha jikoni. Alisubiri shemeji aende kuhesabu matawi, ndipo akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Mkwe wangu, msumeno huu unakata vizuri."

"Asante, mama."

"Ila si wake."

Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa. "Mama, ni huohuo. Tazama mshikio."

"Sitazami mshikio. Wa marehemu ukiingia kwenye mti unashusha sauti kwanza, halafu ndiyo unapanda. Mimi nilikuwa nasikia nikiwa huku jikoni, najua sasa kaanza kukata, sasa kamaliza, nimwekee maji ya kuoga. Huu umeingia na sauti ileile uliyokuwa nayo nje." Akanisogelea. "Silinda yangu iko wapi?"

Hakusema silinda yake. Alisema silinda yangu. Lakini kwa hofu niliyokuwa nayo sikulishika neno hilo.

"Iko karakana, mama. Nzima kabisa. Nilitaka tu kuipima."

"Binti anajua?"

"Hajui."

Alitazama dirisha la chumba ambacho mke wangu alikuwa anafungua na kufunga makabati huku akiimba. Alikuwa anaimba, ndugu zangu.

"Basi twende," mama mkwe akasema. Kisha akapaza sauti: "Binti! Funga mzigo wako pole pole. Mimi natangulia na mumeo, msumeno unataka kukazwa nati. Kaka yako atarudi kukuchukua na hiyo cherehani yako!"

"Sawa mama!"

Kwenye lori tulikaa watatu, mama mkwe katikati, msumeno kwenye sakafu kati ya miguu yangu. Shemeji aliendelea kusifia nilivyoufufua mzee huo. Mama mkwe aliitikia, "Mkwe wangu ana mikono," na kila akisema hivyo nilitamani mlango wa lori ufunguke nidondoke.

Shemeji alitushusha, akageuza lori kwenda kumchukua dada yake.

Mama mkwe hakuwahi kuingia karakana yangu hata siku moja. Nilidhani atashangaa vyuma vilivyoning'inia, harufu ya mafuta, misumeno iliyopangwa ukutani. Wala. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaondoa kitambaa, akaichukua silinda, akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Aliigeuza kama mtu anayeangalia meno ya mtoto.

"Unajua aliyefanya kazi hii?"

"Marehemu baba," nikasema. "Mama, niseme ukweli, mimi sijawahi kuona mkono kama ule."

"Mkono upi? Mume wangu alikuwa na mikono kama majembe. Kidole chake hiki cha mwisho hakikuingia hapa." Akaninyooshea kiganja chake, kidogo, vidole vyembamba vilivyokunjamana ncha. "Yeye alishika taa. Mimi ndiye niliyeshika tupa."

Nilitafuta stuli nikakaa.

"Alikuwa anarudi msituni kachoka, analalamika msumeno unakosa nguvu ukiingia kwenye mti mgumu," mama mkwe akaendelea. "Siku moja nikamwambia hebu fungua nione. Nikaona pumzi haipati njia. Nikaanza kula chuma kidogo, tunafunga, tunawasha, nasikiliza. Tunafungua tena. Mpaka ukasema ninavyotaka. Yeye alitaka kuwaambia watu, mimi nikakataa. Wangemcheka kwamba msumeno wake katengenezewa na mkewe. Hata binti yangu hajui."

"Kwa hiyo siku ya harusi, alivyocheka..."

"Alikuwa ananitazama mimi. Alisema, mama nanihii, binti yako kakuletea mwanafunzi."

Sijui kama niliwahi kujisikia mdogo na mwenye furaha kwa wakati mmoja. Nilitaka kumwuliza maswali mia. Alianzia dirisha lipi? Tupa ya aina gani? Alijuaje pa kuachia? Nilifungua mdomo kuuliza, na hapohapo nikamwona ameingiza kidole kwenye dirisha la moshi.

Kidole kilizunguka. Kikafika upande wa kushoto. Kikasimama.

Sasa wasomaji wangu, rudini juu kidogo, pale nilipowaambia nilivuta stuli nikaitazama sana silinda. Niliwaficha. Sikuitazama tu.

Dirisha lile la moshi lilikuwa na kasoro, au mimi nililiona hivyo. Upande wa kulia limepanuliwa vizuri. Upande wa kushoto, kwenye pembe, aliyelitengeneza aliacha chuma kidogo, chembamba kama ukucha, kama aliyechoka akaenda kulala. Pande mbili hazilingani. Kwa mtu kama mimi, kitu hicho kinawasha kuliko upupu. Nilijiambia nitazame tu. Nikachukua tupa ndogo, nilinganishe tu. Nikapitisha mara moja. Nikapitisha tena. Shemeji alipopiga honi pande mbili zilikuwa sawa, na mimi nilikuwa nimeridhika kama mtu aliyejikuna.

"Umegusa," mama mkwe akasema.

Niliitazama ile tupa ndogo pale mezani.

"Mkwe. Hapa umegusa."

"Nilisawazisha, mama. Kidogo sana."

"Pistoni ulikuwa umeiweka ndani?"

Swali hilo lilinimaliza. Pistoni yake ilikuwa kwenye msumeno, chini ya silinda yangu mimi. Nilitia tupa bila pistoni, bila kuangalia ringi inapita wapi. Fundi anayejifunza akifanya hivyo namfukuza siku hiyohiyo.

"Ncha za ringi zinapita pembe hii," akasema, bila ukali, na hiyo ikaniuma zaidi. "Niliacha chuma hapo makusudi, kiwe ukingo wa kuzizuia zisitoke nje. Wewe umekiondoa. Itawaka, itakata, utafurahi. Halafu siku moja ncha ya ringi itachungulia dirishani, ikwame, ikatike, na vipande vikwangue silinda yote."

"Naweza kujaza, mama. Kuna mtu anachomelea..."

"Chuma hiki ukikipasha moto kinajikunja. Unajua hilo."

Nilijua. Tupa inaondoa, hairudishi, na mimi nimeishi na tupa mkononi tangu ujana. Nikaogopa. Si kwa sababu ya silinda peke yake, ingawa silinda ile ilinitia uchungu kama kitu hai. Nilikuwa nauona uso wa mke wangu pale uani akisema niangalie.

"Nifanye nini?" nikamwuliza.

"Kwanza uifunge. Irudi kwenye msumeno wake."

Nilifungua, nikatoa silinda yangu, nikavalisha ya kwake. Mama mkwe ndiye aliyebana ringi kwa vidole vyake wakati naiteremsha, na sijawahi kuona ringi zikiingia kwa utulivu hivyo. Kwa muda huo mfupi mikono yangu ilitulia, na laiti hali ingekuwa nyingine ningesema ilikuwa saa nzuri kuliko zote katika karakana ile. Nilikaza nati ya mwisho lori likaingia.

Mke wangu alishuka na begi, na shemeji nyuma yake kakumbatia cherehani. Alikuwa amebadilisha gauni. Alipomwona mama yake ana grisi mpaka kwenye viwiko akashangaa.

"Mama, na wewe kakufanya fundi?"

"Nilimshikia vitu," mama mkwe akajibu.

"Umekazwa?" Mke wangu akauinamia msumeno. "Nataka niuwashe mimi. Baba hakuwahi kuniruhusu."

Nikamtazama mama mkwe. Alifumba macho kidogo, kama kusema acha. Kuwasha tu hakuvunji kitu.

Mke wangu alikanyaga mshikio wa nyuma kuutuliza, akavuta kamba. Akavuta tena. Ukawaka. Ulikuwa na sauti nyingine kabisa na ile ya uani, nzito, yenye kikohozi kidogo katikati. Shemeji aliteremsha cherehani chini bila kuangalia anaiweka wapi. Kulikuwa na kipande cha gogo mlangoni. Mke wangu akagusisha meno ya mnyororo, kidogo tu, na msumeno ukashusha sauti, kisha ukapanda.

Aliuzima. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Baba," akasema. "Huyu ni baba anarudi nyumbani. Kule kwa mama nilisikia haukuwa hivi, nikadhani labda nimesahau. Kumbe ulikuwa haujakazwa."

Alinikumbatia mbele ya kaka yake na mama yake, kidole chenye bandeji kikinigusa shingoni. Kisha akachukua begi akaingia mlango wa nyuma, unaotoka karakana kwenda chumbani kwetu. Shemeji akamfuata na cherehani.

Tukabaki mimi na mama mkwe.

"Mimi sisemi," akaniambia, akijifuta grisi. "Namtaka mwanangu awe na amani, na mimi nipate chumba changu, amejaza vitambaa kila mahali. Ukinyamaza, nitanyamaza. Lakini kaka yake ana miti ya kukata wiki ijayo, na anataka kuutumia huu."

"Na ringi ikikatika?"

"Atakuuliza wewe. Wewe ndiye fundi."

Shemeji alitoka, akamchukua mama yake, wakapanda lori. Mama mkwe hakugeuka kunitazama.

Niliingia chumbani. Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, anatundika magauni yake kabatini, moja moja, akiyanyoosha mabega. Cherehani ilikuwa imeshawekwa mahali pake dirishani. Chumba kilianza kunukia yeye.

"Unajua," akasema bila kugeuka, "nilijua utashindwa. Nilimwambia mama, huyo hawezi, mikono itamwasha. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta chumba cha kupanga." Akatundika gauni jingine. "Sasa nieleze. Silinda ya baba mikononi mwako siku zote hizo, na hukuitia hata tupa. Ulijizuiaje?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Ningeweza kusema nilimfikiria yeye. Angelia tena, angenipikia, na tungelala usiku huo kama watu waliooana.

"Mke wangu," nikasema, "njoo ukae kwanza."

Mkono wake ukasimama kabatini. Aligeuka taratibu, gauni bado limemning'inia mkononi.

"Sema nikiwa nimesimama," akasema.